Jifunze Hadharani: Mwongozo kwa Mtengenezaji Programu Aliye Kibaoni

Ukitafuta jina Kibaoni kwenye ramani ya Tanzania, hutaletewa sehemu moja. Ipo Kibaoni ya Ifakara, zipo nyingine kadha wa kadha, na ipo hii tunayoizungumzia hapa: ya Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, upande wa pili wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi ukitokea Mpanda mjini. Wengi wanaijua kama nyumbani kwa Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa 2008 hadi 2015, na siku hizi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kampasi huko yenye jina lake. Msafiri akizichanganya Kibaoni hizi, kondakta atamrekebisha. Programu ikizichanganya, hakuna kondakta. Ukilifanya jina la kijiji kuwa kitambulisho pekee cha mahali katika hifadhidata yako, mkulima wa Mpimbwe ataandikiwa mbolea iliyopelekwa Ifakara, na hutajua mpaka aje kulalamika.

Tatizo hilo huwezi kulisoma katika kitabu cha programu kilichoandikwa Marekani. Atakayekutana nalo kwanza ni kijana aliyekaa na laptopu yake Kibaoni, na akilitatua kimya kimya, atakayefuata ataanza upya. Kwa hiyo nakuandikia wewe ambaye bado unajifunza: andika unachojifunza mahali ambapo watu wanakiona, tangu sasa, kabla hujawa bingwa.

Faida iko wapi

Anayejifunza Dar es Salaam au Nairobi anaweza kumgeukia aliyeketi jirani yake akamuuliza. Nairobi walifungua iHub mwaka 2010 hasa kwa ajili hiyo, watu wa kazi hii wakae pamoja. Kibaoni huenda jirani wa namna hiyo hayupo, au yupo lakini hamjuani. Ukiandika wazi, jirani huyo anakutafuta mwenyewe, hata akiwa Mbeya au Mombasa.

Mfano mkubwa wa Afrika Mashariki ni programu ya Ushahidi. Januari 2008, Kenya ikiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh aliandika hadharani kwamba ingefaa wapatikane mafundi wa kutengeneza ramani ya kuonyesha matukio yanakotokea. Hakuwa na programu mkononi. Alikuwa na wazo nusu na ujasiri wa kulisema. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa waliojitokeza, na baada ya siku chache tu toleo la kwanza likawa hewani. Msimbo wake uliachwa wazi, na mwaka 2010 ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Okolloh angesubiri mpaka awe na jambo lililokamilika, pengine lisingekuwapo.

Ipo faida nyingine isiyohitaji msomaji hata mmoja. Unapoandika jinsi ulivyotatua hitilafu, unalazimika kuirudia: je, ni kweli mstari ule ndio uliotengeneza, au ni kwa sababu ulizima na kuwasha? Mara nyingi jibu litakushangaza. Halafu kuna ajira. Mwajiri wa Dodoma hakujui, na cheti chako kinamwambia tu kwamba ulihudhuria. Maandishi ya mwaka mzima yanamwonyesha unavyofikiri ukikwama, na kukwama ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii.

Cha kuandika kiko mlangoni

Malalamiko ya kwanza huwa, "Mimi nina nini cha kumfundisha mtu?" Kama kusudio lako ni kueleza kitanzi ni nini katika Python, kweli huna jipya, wameshaeleza maelfu. Tazama badala yake mambo yanayotokea pale programu inapokutana na watu wa kwenu.

Chukua jina Ng'wandu. Wasukuma wameingia kwa wingi Mpimbwe na mifugo yao, na majina yenye ng' yamo katika kila daftari. Sasa tengeneza programu ndogo ya kusajili wateja, ukiunga maneno ya hoja ya SQL kwa alama ya kujumlisha. Juma atasajiliwa. Mwajuma atasajiliwa. Ng'wandu akifika, programu inaanguka. Sababu ni kwamba hifadhidata inaitumia alama ile ile ya ' kufungia maandishi, kwa hiyo inadhani jina limeishia Ng, na hizo herufi zilizobaki inazisoma kama amri isiyoeleweka. Wengi hukimbilia kuifuta alama hiyo kwenye jina. Usifanye hivyo, jina la mtu si lako kulikata. Dawa yake ni kuweka alama ya kiulizo mahali pa thamani, kisha thamani yenyewe kuipeleka kando, kama maktaba ya sqlite3 ya Python inavyoruhusu. Ukishafanya hivyo umeziba pia tundu ambalo wadukuzi hulitumia kuingiza amri zao ndani ya hifadhidata. Jina la jirani yako limekufundisha usalama wa mifumo.

Halijaisha. Andika katika Python "ng'wandu".title() uone itakachokupa: Ng'Wandu, yenye W kubwa katikati, kwa sababu kazi hiyo inadhani baada ya alama ile neno jipya limeanza. Tumia string.capwords, ambayo inatenganisha maneno kwa nafasi tu. Kisha kuna janga la kimyakimya zaidi. Alama hiyo ina sura zaidi ya moja. Iliyonyooka ina namba yake katika Unikodi, U+0027, na iliyopinda ina yake, U+2019. Word na baadhi ya simu hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili bila kukuuliza. Mteja mmoja aliyesajiliwa mara mbili, mara kwa simu na mara kwa kompyuta, anakuwa watu wawili wenye madeni mawili. Kwa macho majina ni yale yale. Kwa kompyuta ni tofauti kabisa. Chagua sura moja, geuza zote ziwe hiyo kabla ya kuhifadhi, na andika jinsi ulivyofanya.

Hapo tayari una maandiko matatu, yote yametoka katika jina moja.

Saa nayo ni hazina. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga akikuambia amefungua saa 1 asubuhi, programu inataka 07:00. Kanuni yake ni fupi: jumlisha 6 kwenye saa ya kompyuta, gawa kwa 12, chukua baki; baki likiwa sifuri, soma 12. Kwa hiyo 13:00 inakuwa saa 7 na 18:00 inakuwa saa 12. Ijaribu kwa saa zote 24 kabla hujaiamini. Ugumu unaanza usiku. Saa 8 usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, kompyuta inasema ni Jumanne 02:00, na mlinzi wa ghala anasema ni usiku wa Jumatatu. Ripoti ya zamu yake uiweke siku gani? Hilo halina jibu moja sahihi, na ndiyo sababu linafaa kuandikwa: eleza ulichochagua na kwa nini.

Namba za simu nitazipitia haraka. Mtu yule yule anaandikwa 07, 255 na +255, na Excel inapoiona sifuri ya mwanzo inaifuta. Hifadhi kwa umbo moja, kama maandishi, si kama namba.

Jinsi ya kuandika

Fungua daftari la wazi: folda moja kwenye GitHub au GitLab, yenye mafaili ya maandishi matupu. Inatosha. Tovuti yenye rangi na nembo inaweza kusubiri, na kusema kweli wengi wanaoanza na nembo hawafiki kwenye andiko la pili.

Kichwa cha andiko kiwe tatizo lenyewe. "Siku yangu ya leo katika Python" haimsaidii mtu. "Jina lenye ng' linaangusha programu wakati wa kuhifadhi kwenye SQLite" linamsaidia, kwa sababu ndivyo aliyekwama atakavyotafuta. Chini yake eleza ulikuwa unataka kufanya nini, toleo la lugha na la maktaba unayotumia, ulichojaribu kikashindikana, kilichofanya kazi, na usichokielewa mpaka sasa. Hilo la mwisho watu hulificha, ilhali ndilo linalomvuta mwenye kujua ajibu.

Ujumbe wa hitilafu uunakili neno kwa neno, kwa lugha ile ile uliyotokea nayo. Usiutafsiri. Watu huuchukua jinsi ulivyo wakauweka kwenye kitafutio, na tafsiri yako, hata iwe nzuri namna gani, itawapoteza. Wala usiupige picha kwa simu: picha ya skrini haitafutiki, haiwezi kunakiliwa ikajaribiwa, na inakula bando la msomaji.

Maelezo yako ndiyo uyaandike kwa Kiswahili. Najua wapo watakaokwambia programu ni kazi ya Kiingereza. Msimamo wangu ni kwamba Kiingereza utakihitaji siku unapowaripotia wenye maktaba kasoro katika maktaba yao, na hapo Kiingereza chepesi cha sentensi fupi kinatosha. Lakini mwanafunzi wa kidato cha tano anayetafuta msaada saa 4 usiku anafikiri kwa Kiswahili, na wa kumwandikia ni wachache mno. Wala Kiswahili hakijaanza leo katika fani hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Leo ipo Nuru, lugha ya programu iliyotengenezwa kwa Go, ambayo miongoni mwa amri zake ni andika, kama na rudisha, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma.

Siku hizi wengi huuliza akili mnemba badala ya mtu. Iulize, hakuna ubaya. Ila jibu lake endesha kwanza mwenyewe kwenye kompyuta yako, na lisipofanya kazi andika lilipokosea. Mazungumzo yale yanabaki kati yako na mashine. Aliyekwama kesho hatayaona.

Bando na umeme

Katavi iliishi kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na hata sasa anayefanya kazi hii vijijini hupanga siku yake akijua umeme unaweza kukatika. Habari njema ni kwamba Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, hakihitaji mtandao kwa kazi ya kila siku. Unaandika, unahifadhi hatua zako, unarudi nyuma ukikosea, vyote ndani ya mashine yako. Mtandao unauhitaji dakika chache za kupandisha. Andika mchana, pandisha usiku kwa bando la bei nafuu, au siku unapokwenda Mpanda kwa shughuli nyingine.

Maneno 500 ya maandishi matupu hayafiki kilobaiti 5. Dakika moja ya video inakula megabaiti kadhaa. Ukitaka kuwafikia watu wa Usevya na Majimoto, andika. Video uwaachie wenye Wi-Fi.

Huna laptopu? Simu ya Android yenye Termux inaendesha Python na Git. Inachosha vidole, lakini inafanya kazi. Na Kiwix inakuwezesha kupakua mara moja Wikipedia na makusanyo ya maswali na majibu ya programu, ukayasoma bila mtandao. Pakua ukiwa mahali penye intaneti ya uhakika, kisha wagawie wenzako kwa flashi. Huko nako ni kushirikisha.

Yasiyowekwa wazi

Hapa uwe mkali. Nenosiri na funguo za siri za mifumo ya malipo zisiingie kabisa katika folda ya wazi. Zipo programu zinazozunguka GitHub usiku na mchana zikitafuta funguo kama hizo, na huzipata ndani ya dakika chache. Ukikosea ukapandisha, kuufuta mstari hakutoshi, maana Git inatunza historia yote. Badilisha ufunguo wenyewe mara moja, ndipo usafishe mengine. Njia salama ni kuweka siri katika faili la pembeni na kulitaja faili hilo ndani ya .gitignore kabla ya kuhifadhi kitu chochote.

Taarifa za watu nazo si zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya simu ya mteja au namba yake ya kitambulisho cha taifa imo ndani ya ulinzi huo. Kwa mifano yako buni majina na namba. Usichukue daftari halisi ukabadilisha herufi mbili ukadhani umeficha. Kijijini watu hutambuana hata kwa kiasi cha deni.

Kazi ya mteja inahitaji ruhusa yake. Mfuate kwa adabu: "Shikamoo mzee. Ile shida ya mahesabu tuliyoimaliza, naomba niandike jinsi tulivyoitatua, wengine wajifunze. Jina lako na la mashine sitayataja." Wengi watakuambia, "Andika tu mwanangu." Akikataa, elewa. Kama umeajiriwa, soma mkataba wako kwanza. Msimbo ulioandika kazini kwa kawaida ni mali ya mwajiri, na kanuni uliyojifunza unaweza kuieleza kwa mfano mwingine uliouandika upya nyumbani.

Na msimbo wako unaoutoa uwekee leseni. Usipoweka, kisheria haki zote zinabaki kwako, na mwenzako muungwana ataogopa kuutumia. Leseni ya MIT ni fupi, inamruhusu mtu kuutumia na kuubadilisha mradi abaki na jina lako na maneno ya leseni.

Kuogopa kuitwa mjuaji

Hili ndilo linalowazuia wengi kuliko bando. Kwetu kijana anayesema sana mbele za watu huonekana anajifanya, na akikosea chini ya macho ya wengi, maneno yanamfuata. Sikuambii upuuze. Nakushauri ubadilishe namna ya kusema. "Leo nitawafundisha usalama wa hifadhidata" ni ya mjuaji. "Nilijaribu hivi, ikaanguka, nikafanya hivi, ikasimama, mwenye njia bora aniambie" ni ya mwanafunzi, na hakuna mzee wala bingwa anayeudhiwa nayo. Fundi pikipiki pale stendi anafungua injini mbele ya kila mtu. Dereva mmoja akipita akimwambia boliti ile si yake, anaibadilisha na kazi inaendelea, na vijana wanaotazama wameelewa injini.

Utasahihishwa, tena wakati mwingine kwa ukali usiostahili. Pima hoja kwanza, ukali uuweke kando. Ikiwa amesema kweli, rekebisha andiko, weka tarehe ya marekebisho, na umshukuru. Maneno ya zamani usiyafute kabisa: aliyekuja kabla huenda alishayafuata, na anahitaji kujua ni kipi kilichobadilika. Ikiwa amekosea, mwonyeshe matokeo ya msimbo, basi. Mabishano ya siku tatu kuhusu lugha ipi ni bora hayajawahi kumfanya mtu awe fundi.

Wala usihesabu wasomaji. Andiko kuhusu Ng'Wandu linaweza kukaa miezi bila mtu, kisha siku moja likamwokoa karani wa ushirika wa Shinyanga aliyekuwa amekata tamaa.

Ukishazoea

Hatua inayofuata ni kuchangia kazi za wengine, na si lazima uanze na msimbo. Ramani ya wazi ya OpenStreetMap inakubali majina ya barabara, zahanati, visima na maduka kutoka kwa mtu anayeyajua kwa miguu yake. Mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na cha Dar es Salaam kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, na data yake ikawa wazi. Wewe unaijua Mpimbwe vizuri zaidi kuliko mtu yeyote aliye mbele ya picha za satelaiti. Ukishaichora, programu yako mwenyewe inaweza kuitumia ramani hiyo.

Kwa anayependa afya, ipo OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004 ikiwa na mizizi yake Eldoret, Kenya, kwa ajili ya kumbukumbu za wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi, na hadi leo inapokea michango: tafsiri, majaribio, maelezo ya kusakinisha. Sehemu nzuri ya kuingilia ni nyaraka. Zifuate hatua kwa hatua kwenye mashine yako dhaifu, na pale zinapokushinda, andika waziwazi zilipokushinda. Waliozitunga wana mashine zenye nguvu na mtandao usiokatika, kwa hiyo kasoro hiyo hawawezi kuiona bila wewe.

Anza wiki hii na hitilafu moja uliyoitatua karibuni, ungali unakumbuka ilivyokusumbua. Na ukikuta mwenzako ameuliza jambo ambalo ulishalipitia, mjibu kwa Kiswahili, kwa upole, na umwekee msimbo ambao umeuendesha mwenyewe ukaona unafanya kazi.